Gunia la Juni, bukari ya Februari: mwongozo kwa mama mwenye watoto na kikundi

Februari hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, ni mwezi mgumu wa sufuria. Mvua inanyesha, mahindi ya mashambani bado yana maziwa, na unga uko juu. Mama anayenunua kwa meka anajua vizuri: meka ya Juni na meka ya Februari ni chombo kile kile cha plastiki, lakini pesa iliyokutosha Juni sasa inakuacha umesimama mbele ya muuzaji ukihesabu tena.

Kuna miaka inayozidi. Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa, na sisi tunaokula mahindi yanayopita mpaka wa Kasumbalesa tulielewa kabla ya redio kumaliza habari. Agosti ya mwaka ule ule Zambia ikafunga mpaka kwa siku chache, Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Ugomvi kati yake na Kongo ulikuwa wa bia na soda, lakini barabara ya malori ya unga ni ile ile.

Mimi ni mama wa watoto wanne, na nina miaka sita katika kikundi cha wamama wa mtaa tunaonunua chakula pamoja wakati wa mavuno na kukiweka. Hakuna mshahara, kila mmoja anajitolea. Kila mwaka wamama wapya wananiuliza waanze na magunia mangapi. Ninawajibu kwamba kitu cha kwanza kuhesabu ni saa, kilo zitafuata. Mama akikosea hesabu ya kilo atakula mboga nyingi na bukari, ugali wetu, kidogo. Akikosea hesabu ya saa, watoto ndio watakaomlipia.

1. Pima sufuria yako wiki moja

Usimuulize jirani anaweka kiasi gani. Kwa siku saba, kabla ya kusonga, pima unga kwa chombo kimoja usichobadilisha, andika. Meka yenyewe usiiamini kwa macho. Kuna zenye tumbo, na kuna zile ambazo kitako kimesukumwa juu kwa moto ili zibebe kidogo. Peleka yako kwa muuza nyama mwenye mzani akupimie mara moja tu, ujue kwa kweli inabeba kilo ngapi.

Kwetu tuko saba, pamoja na mama mkwe wangu. Tunamaliza karibu kilo mbili na nusu za unga kwa siku, yaani kilo 75 kwa mwezi, mifuko mitatu ya kilo 25. Hiyo ndiyo namba yangu, wewe tafuta yako.

Usijaribu kuweka chakula cha mwaka mzima. Nyumba ya vyumba viwili haina nafasi, na pesa haipo. Weka cha miezi migumu tu. Magunia manne ya kilo 50 ni kilo 200 za mahindi. Ukikoboa, sehemu kama ya tano inatoka na pumba, unabaki na kilo 160 za unga. Kwa sufuria yangu hizo ni siku 64: Januari yote, Februari yote, na siku chache za Machi. Mwaka wa kwanza usifike huko. Weka gunia moja, ujifunze nalo.

2. Andika saa zako, bila kujidanganya

Chukua ukurasa mwingine wa daftari. Kwa wiki hiyo hiyo andika saa zinazokwenda wapi: maji, soko, kupika, kufua, masomo ya watoto, biashara, kanisa, usingizi. Mama anayenyonyesha aandike kunyonyesha pia, maana ni kazi. Utakachobaki nacho ndicho unachoweza kukipa kikundi. Wengi tukifanya hesabu hiyo tunapata saa tatu au nne kwa wiki, na hizo zenyewe zimekatwa vipande vipande: dakika arobaini hapa, nusu saa pale.

Sasa tazama kama saa hizo zinaleta kitu. Mfano wa hesabu, bei ni za kubuni tu: tuseme gunia ni franka 60 000 Juni na 100 000 Februari. Magunia manne yanakuokolea 160 000. Toa usafiri, mifuko ya ndani na kilichoharibika, tuseme 24 000. Unabaki na 136 000. Kama mwaka mzima ulikipa kikundi saa 34, kila saa ilikuletea franka 4 000. Linganisha na unachopata ukikaa saa moja mbele ya nyumba kuuza vitumbua. Kama kikundi kinakulipa chini ya vitumbua, na tena kinakutoa nyumbani usiku, una haki ya kuuliza maswali.

Najua kuna mambo ambayo hesabu hii haiyaoni. Siku nilipofiwa, wale wamama ndio waliopika. Lakini fanya hesabu hata hivyo.

3. Chagua kikundi, na useme mipaka yako siku ya kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wamama wengi wanaumia.

Mwaka wa pili nilichaguliwa katibu. Nilifurahi, nikakubali kila kitu: kuandika, kusindikiza lori, kuzunguka kukusanya michango, kukaa kwenye kila kikao. Jioni moja ya Novemba kikao kilianza saa tisa, kikaisha giza limeingia. Nilipofika nyumbani nilimkuta mtoto wangu wa tatu kwenye mkeka, mwili moto kama sufuria. Dada yake wa miaka kumi alikuwa amemwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso, halafu akamfunika mablanketi mawili, kwa sababu aliona anatetemeka. Ilikuwa malaria. Tulimkimbiza kituo cha afya usiku ule ule, akapona. Na kile kikao, kama unataka kujua, tulikuwa tunabishana kuhusu rangi ya kitenge cha sare.

Tangu siku ile nina masharti, nayasema mbele ya wote na yanaandikwa. Kikao kisizidi muda wa saa moja, asiyemaliza maneno yake atayaleta wiki ijayo. Kinafanyika mahali ambapo watoto wanaweza kuja, kwenye kiwanja cha mmoja wetu na si kwenye ofisi ya mtu. Mambo ya sare, sherehe na picha yana siku yake, na kuja siku hiyo si lazima. Wazee wetu wanakumbuka salongo ya zamani, ile kazi ya lazima ya Jumamosi; kujitolea kukianza kufanana na salongo, kimeshaharibika.

Gawa kazi kwa kuangalia mwili na umri wa watoto, si kwa kuangalia nani ana sauti. Mwenye mtoto mchanga ashike daftari, au achambue maharagi nyumbani kwake, mtoto akiwa ubavuni. Mwenye watoto waliokwisha kuanza shule apime magunia asubuhi, wao wakiwa darasani. Kusindikiza lori kunataka mtu ambaye hata likikwama njiani usiku hakuna anayelia nyumbani. Kwetu ni kazi ya mama mmoja mjane ambaye watoto wake wameshaoa, na kwa kazi hiyo kikundi kinamlipia usafiri na chakula. Aliyejifungua kwa upasuaji asiguse gunia kwa miezi, hata akisema anaweza. Sisi wanawake tunasema tunaweza mapema sana.

Jambo la pili la kuandika ni fungu la mjitoleaji. Kuna wamama hawana pesa ya kuchangia, wana mikono. Hao wanachambua na kupepeta mahindi ya wengine, na kikundi kinawapa kipimo kilichokubaliwa kwa kila gunia. Wekeni kipimo hicho kabla ya lori kufika. Tulipoacha kukisema, mwaka ule wa kwanza, kila mmoja alikuwa na kipimo chake kichwani, na mama mmoja aliyefanya kazi siku nne aliondoka na mfuko mdogo na machozi. Hakurudi.

Pesa: tunachanga kila Jumamosi kuanzia Septemba hadi Mei, kwa mtindo wa likelemba, yaani upatu, ila fungu halimwendei mtu mmoja, linakaa kwenye sanduku la kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa wamama watatu wa nyumba tofauti. Tunaweka dola pale inapowezekana, kwa sababu franka ya Septemba na franka ya Mei haziko sawa. Kila mara sanduku linapofunguliwa, pesa inahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, hata kama ni elfu tano tu. Inachosha. Ifanyeni.

4. Nunua nafaka, usinunue unga

Mwaka wangu wa kwanza, kabla ya kikundi, niliweka mifuko minne ya unga chini ya kitanda na kujiona mwerevu. Machi nilipofungua wa tatu, harufu ilinipiga kama mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi. Nilipotia mkono, unga ulinata kwa utando mwembamba kama wa buibui, na ndani yake viwavi vidogo vyeupe. Bukari yake ilikuwa chungu. Kuku wa jirani walishiba.

Sababu ni hii: kiini cha mahindi kina mafuta. Punje ikiwa nzima, mafuta hayo yamefungwa ndani. Ukishaisaga yanakutana na hewa na kuanza kuoza. Unga uliosagwa na kiini chake unaanza kuharibika baada ya wiki chache, hasa kwenye joto na unyevu. Kwa hiyo weka punje, na upeleke mashine kiasi cha wiki mbili kwa wakati mmoja.

Mahindi yetu yanavunwa kuanzia Aprili na Mei. Usikimbilie ya kwanza. Mei mengi bado yana maji ndani, na yanauzwa kwa uzito, kwa hiyo unanunua maji. Juni kiangazi kimekaa, asubuhi kuna baridi, mchana jua ni kavu na hewa ni kavu. Hapo ndipo sisi tunatuma mtu kwa wakulima wa barabara ya Kasenga, anarudi na konzi moja ya mahindi ya kila mkulima, kila konzi kwenye mfuko wake ulioandikwa. Tunaamua tukiwa tumeyashika mkononi.

5. Jaribio la chumvi

Kujua kama mahindi yamekauka, wengine wanauma kwa jino. Sawa, lakini jino langu na lako hayasemi jambo moja. Tumia chupa.

Chukua chumvi, ikaushe kwenye kikaango juu ya makala (makaa) mpaka haishikani tena, iache ipoe. Chukua chupa ya glasi iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Jaza mahindi mpaka theluthi yake, tia kijiko kimoja au viwili vya chumvi, funga, tikisa dakika kadhaa, halafu iweke chini robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye ukuta wa chupa kama umande, mahindi bado yana maji mengi, zaidi ya asilimia 15 au karibu na hapo. Hayaendi kwenye gunia. Chumvi ikianguka yote chini na kioo kikabaki safi, yamekauka. Hata hivyo mimi ninayaanika siku mbili tena, kwa sababu kwenye mfuko usiopitisha hewa unataka yawe karibu asilimia 13.

Watoto wanapenda sana jaribio hili. Wa kwangu wanagombania kutikisa.

Anika juu ya turubai, usianike kwenye udongo mtupu wala kwenye lami ya barabara. Geuza kila saa, na jioni ingiza ndani kabla ya umande. Wakati wa kuchambua toa kila punje yenye ukungu wa kijani, wa njano au mweusi, na karanga zilizosinyaa au kubadilika rangi toa pia. Ukungu huo unaweza kuacha sumu inayoitwa aflatoksini, inayoharibu ini, na kupika hakuiondoi. Usimpe kuku, usitengenezee uji wa mtoto kwa kuona huruma ya kutupa. Tupa.

6. Kufunga

Fukusi hawahitaji dawa ili wafe, wanahitaji kukosa hewa. Wako ndani ya punje tayari unapozinunua, mayai yao yametoka nayo shambani. Ukiwafungia mahali ambapo hewa haiingii, wanavuta ile iliyomo mpaka inakwisha, nao wanakwisha.

Kwa mahindi tunatumia mifuko ya tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani, gunia la kawaida nje. Jaza mfuko wa ndani kabisa ukitikisa nafaka ishuke, acha shingo ya kutosha, kamua hewa kwa mikono, sokota shingo, ikunje, funga kwa kamba ya mpira. Fanya hivyo kwa mfuko wa pili, kisha gunia. Kabla ya kujaza, puliza kila mfuko wa plastiki kama puto na usikilize; tundu dogo kama la sindano linatosha kuharibu kazi yote. Baada ya hapo usifungue kwa miezi miwili, hata kwa kuchungulia. Kila ukichungulia unawapelekea hewa.

Kwa maharagi bidoni, yaani dumu la plastiki, ya lita 20 inafaa kuliko gunia, na inaingia kilo kama 15. Iwe bidoni ya mafuta ya kula au ya maji, iliyooshwa na kukauka siku nyingi. Iliyobeba mafuta ya taa au dawa ya shamba usiitumie hata ukiiosha mara kumi. Jaza mpaka mdomoni, gongagonga chini, ongeza, kaza kifuniko, zungushia nta ya mshumaa. Bidoni sita ukizipanga na kuweka ubao na kitambaa juu unapata benchi. Wageni wangu wamekalia maharagi yangu miaka mingi bila kujua.

Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta kiasi cha kupitisha mkono, mbali na makala, sabuni na mafuta ya taa. Panya wakitoboa, hesabu ya hewa imekwisha, kwa hiyo paka si anasa.

Na sasa jambo ambalo nitalisema kwa ukali. Sokoni wanauza vidonge vya kuweka kwenye magunia, vidogo, vya kijivu, vinauzwa kimoja kimoja bila karatasi. Vingi ni vile vinavyotoa gesi ya fosfini vikikutana na unyevu wa hewa. Gesi hiyo inaua fukusi, na inaua watoto waliolala chumba kimoja na gunia. Hakuna dawa ya kuizimua. Watu wanaovitumia kihalali wanavitumia kwenye maghala yanayofungwa, ambayo hakuna anayelala ndani. Nyumba yenye kitanda haina nafasi ya kidonge kile. Kama kikundi kinataka kuvitumia, toka kwenye kikundi.

7. Vingine vya kuweka, haraka haraka

Kapenta (dagaa): ianike tena siku moja ukifika nyumbani hata kama muuzaji ameapa imekauka, kisha kwenye ndoo yenye kifuniko. Karanga: ziache kwenye maganda. Mawese: mahali pa giza. Chumvi yenye madini joto: kwenye chombo kilichofungwa, mbali na mvuke wa jiko. Chibwabwa (majani ya maboga) na majani mengine: yachovye kwenye maji yanayochemka kwa muda mfupi, yaanike kivulini, kwa sababu jua kali linakula vitamini A. Nyama na samaki wa friji usiviweke kwenye hesabu; umeme wetu unaujua.

Maharagi yasikae zaidi ya miezi sita au minane. Hayaozi, lakini yanakuwa magumu, na yanakula makala mengi kuliko bei yake. Yaliyokwisha kuwa magumu yaloweke usiku kucha.

8. Watoto ndani ya kazi, si nje yake

Kuchambua maharagi ni kazi ya meza moja. Ninamwaga sahani kubwa katikati, kila mtoto ana bakuli lake: mazima, yaliyotobolewa, mawe. Wa miaka sita anahesabu mawe, wa miaka kumi na mbili anaandika tarehe kwenye magunia kwa kalamu nzito. Robo saa, halafu waende kucheza. Ukiwashika saa mbili watachukia maharagi na watakuchukia wewe.

Wa chini ya miaka mitano asikae karibu na karanga au punje bila mtu mzima, anaweza kuzivuta kooni. Wakati wa kupepeta mtoto awe upande upepo unapotoka. Vumbi la mahindi linaleta kikohozi. Mtoto wa chini ya miezi sita anakula ziwa peke yake, kwa hiyo zamu yako isizidi muda wake wa kulala. Wamama wenzako wakinung'unika, waoneshe ukurasa wenye masharti. Na shule haiguswi. Lori likija siku ya mtihani, binti anakwenda kwenye mtihani.

9. Baba, ndugu, na harufu ya gunia

Kwanza, baba wa nyumba ajue hesabu yote kabla ya gunia la kwanza kuingia. Gunia ni pesa iliyosimama, na siku ya shida ya pesa ndilo la kwanza kutazamwa. Sisi tulikubaliana: gunia moja kati ya manne linaweza kuuzwa kwa ugonjwa au karo, matatu hayauzwi hata kwa nini. Aliandika kwa mkono wake. Mwaka juzi tuliliuza lile moja Januari, kwa bei nzuri, na hakuna aliyegombana.

Pili, ndugu. Mtu akijua una mahindi Februari, atakuja, na atakuwa na haki, maana wewe ulikula kwake. Kumfukuza sisi hatuwezi, na mimi sitaki. Lakini ukitoa bila mpango utamaliza ghala wiki mbili, halafu mtakuwa nyumba mbili zenye njaa. Ninatenga bidoni moja tangu Juni, ninaiita ya mlangoni. Anayekuja anapata humo, bila maswali na bila uso mbaya. Ikiisha ninasema imeisha, na ni kweli. Mama mkwe wangu alikasirika mwanzoni, akasema katika maisha yake hakuwahi kusikia chakula cha ndugu kinapimwa. Mwaka wa tatu yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anauliza kama ya mlangoni imeshajazwa.

10. Kufungua

Fungua gunia moja tu, lenye tarehe ya zamani zaidi. Tia mkono mpaka kwenye kiwiko: ndani kuwe na ubaridi kidogo na ukavu, na mkono utoke bila unga mweupe wa fukusi kwenye vidole. Nusa. Ukikuta joto ndani, mwaga lote juu ya turubai siku hiyo hiyo na utafute penye unyevu.

Peleka mashine kiasi cha wiki mbili, kilichobaki kihamishie kwenye ndoo zenye vifuniko, kwa sababu mfuko uliofunguliwa kila siku hauna kazi tena. Andika kwenye daftari siku uliyofungua na siku lililoisha. Hapo ndipo unapata namba ya kweli ya kupeleka kwenye kikao cha Septemba. Yangu ya mwaka huu: gunia la kwanza Januari tarehe 3, likaisha tarehe 17, siku mbili mapema kuliko nilivyohesabu. Nilitafuta kosa kwenye karatasi muda mrefu, mpaka binti yangu aliponikumbusha kwamba sasa ana miaka kumi na tano na anakula kama baba yake.